Mama, Ukifika Lubumbashi Utakula Wapi?

 

Leo hatutasema juu ya chanjo, wala juu ya kupima mimba. Tutasema juu ya sahani ya chakula ambayo haukuipika wewe mwenyewe. Wengi wenu munapanda treni hapa Kamina kwenda Lubumbashi. Mumoja anapeleka mutoto kwa munganga wa macho. Mwingine anapeleka mahindi sokoni. Mwingine anafuata karatasi za bwana yake aliyefanya kazi kwa treni miaka mingi. Tangu mwaka wa 2015 Kamina yetu ni muji mukubwa wa jimbo la Haut-Lomami, lakini safari za Lubumbashi hazikuisha.

Katika masomo ya kliniki tunafundisha kupika nyumbani. Munajua kufunika sufuria, kuchemusha maji, kunawa mikono. Hayo ni mazuri. Lakini nyumbani sufuria ni yako, na maji ni yako. Kwa muji mukubwa unakula kwa sufuria ya mutu mwingine, na mutoto yuko mugongoni anasikia njaa. Basi inafaa kujua kuchagua.

HATARI IKO WAPI?

Chakula cha kununua si kibaya kwa sababu ni cha kununua. Kuna wamama wanaouza njiani ambao sufuria yao ni safi kuliko ya nyumba nyingi. Na kuna restora zenye viti vizuri na kitambaa juu ya meza, lakini nyuma, mahali wanapooshea sahani, haupendi kuangalia. Usichague kwa macho ya sifa. Chagua kwa macho ya mama.

Vidudu vinavyoharibu tumbo havionekani. Vinatoka katika choo, vinapita kwa mikono, kwa maji, kwa inzi, kwa sahani isiyooshwa vizuri, mupaka kinywani. Vidudu hivyo vinaogopa moto mukali. Vinapenda chakula cha uvuguvugu. Chakula kilichopikwa vizuri asubuhi, kikibaki juu ya meza mupaka magaribi, vidudu vinazaana ndani yake kama panya ndani ya gala. Waganga wanatufundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili nje ya moto, zaidi sana kwa joto la inchi yetu.

Sisi watu wa Haut-Lomami tunajua kolera. Iliingia upande wa mashariki wa inchi yetu katika mwaka wa 1978, na tangu pale haijatuacha kabisa. Bukama, Kinkondja, Mulongo, Malemba-Nkulu, watu wa muto Lualaba na wa maziwa wanaijua kwa jina. Lubumbashi nayo imepata kolera mara nyingi. Treni inapita Bukama na inafika Lubumbashi. Kwa hiyo mama anayesafiri anaweza kubeba ugonjwa kutoka huku kwenda kule, ao kutoka kule kuuleta nyumbani.

KWA NJIA

Safari ya treni haina saa ya kweli. Unaweza kufikiri utalala usiku mumoja, kisha ulale tatu. Kwa hiyo mama mwenye akili anaanza kufikiri juu ya chakula mbele ya kukata tiketi.

Weka ndani ya kitunga chako:
– Bidoni ya maji yaliyochemushwa, yenye kifuniko. Usichote ndani kwa kikombe. Mimina.
– Kikombe, kijiko na sahani ya mutoto. Hata muji uwe na sahani elfu, mutoto wako ana sahani yake.
– Kipande cha sabuni ndani ya kitambaa.
– Karanga za kukaanga, viazi vitamu vilivyochemushwa kwa siku ya kwanza, ndizi mbivu. Ndizi ina mufuniko ambao Mungu mwenyewe aliifunga.
– Unga wa uji wa mahindi na soya ao karanga. Ukipata moto na maji, mutoto ana chakula.

Kwa mutoto ambaye hajafika miezi sita, mufuko wa chakula ni ziwa lako tu. Hana lazima ya maji, wala ya uji, wala ya biskwi. Mama mumoja anasema: «Ndani ya treni ninasikia haya kunyonyesha mbele ya watu.» Tupa kitambaa begani na umunyonyeshe. Usimupe bibero. Chupa ya bibero inaomba maji mengi ya moto na burashi ili iwe safi, na kwa njia hauna hata kimoja. Kama ni lazima kumupa mutoto kitu cha kunywa, kikombe na kijiko ni bora.

Treni ikisimama, wamama wanakimbia na vitunga vichwani. Kwa Bukama wanaleta samaki. Pengine wanaleta mahindi ya kuchoma, mayai, mihogo, mikate ya kukaanga. Chagua kile kinachotoka motoni wakati ule, ao kile kinachofunikwa na ganda lake: yai la kuchemusha ambalo halijapasuka, ndizi, muhindi wa kuchoma ungali moto. Matunda yaliyokatwa tayari, acha. Kisu kile kilikata nini mbele yake? Samaki wa kukausha ni muzuri kubeba, lakini umupike tena mbele ya kula.

KARTIE ZA LUBUMBASHI

Lubumbashi ilianza mwaka wa 1910. Leo ina komini saba: Lubumbashi yenyewe, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Katika kila komini watu wanakula nje, kwa sababu kazi iko mbali na nyumba na pesa ya usafiri haitoshi kurudi muchana.

Mahali watu wa kazi wanapokula panaitwa malewa. Ni meza moja, benchi mbili, sufuria tatu, na mama mumoja ambaye anajua majina ya wateja wake. Utapata bukari na samaki, bukari na sombe, wali na maharagwe, siku ingine nyama. Karibu na soko la Kenya malewa ni nyingi, kwa sababu soko lile ni kubwa na wachuuzi wanasikia njaa kama watu wote. Utaziona pia kwa masoko ya Katuba na Ruashi, na karibu na mahali magari yanapopakia watu.

Katika Kamalondo na kartie zingine, kukiingia magaribi, watu wanachoma michopo, nyama ya mbuzi juu ya makala. Nyama ya moto iliyoiva mupaka ndani haina mubaya. Ila angalia mambo mawili. La kwanza: kisu na ubao. Kama wanakata nyama mbichi na nyama iliyoiva juu ya ubao mumoja, wewe endelea na njia yako. La pili: mahali pale mara nyingi ni pa pombe. Mama mwenye mutoto mugongoni na feza ya hospitali kiunoni hana kazi pale usiku.

Katikati ya muji kuna restora za kuketi, zenye bei kubwa. Kama ndugu anakualika, enda na ushukuru. Lakini feza ya kulipa sahani moja pale inaweza kukulisha siku mbili kwa malewa, na mutoto wako hatakua zaidi kwa sababu ya kitambaa cha meza.

Kama umelazwa na mutoto Hospitali Sendwe ao kwa hospitali ingine, jamaa ndiyo inaleta chakula. Kama hauna jamaa Lubumbashi, ulizia wamama wengine wa chumba siku ya kwanza: «Hapa tunanunua wapi?» Wale waliokaa pale juma mbili wanajua malewa gani inaponya na malewa gani inaleta ugonjwa mupya. Na uulize kama kanisa lako liko karibu. Watu wa kanisa wanapenda kusaidia mugeni, lakini hawawezi kumusaidia mutu asiyejulisha kwamba amefika.

ALAMA ZA MALEWA NZURI

Simama kwanza. Usiketi mbio. Angalia mambo haya saba, hayaombi dakika tano:

1. Moto uko chini ya sufuria? Muvuke unatoka? Sufuria yenye muvuke ni rafiki ya mama.
2. Watu ni wengi? Mahali watu wengi wanakula, chakula kinaisha, na mama anapika tena. Mahali hakuna watu, chakula cha jana kinangojea mugeni.
3. Kuna maji ya kunawa na sabuni? Maji ya kumimina ni bora. Beseni moja ambamo watu ishirini wamenawa ni supu ya mikono.
4. Sahani zinaoshwa wapi? Kama maji yamekuwa meusi, omba chakula ndani ya sahani yako uliyobeba.
5. Nani anashika feza? Mukono unaopokea franka usiingie ndani ya bukari. Malewa nzuri ina mutoto ao ndugu wa kupokea feza.
6. Chakula kinafunikwa? Inzi anatoka chooni, haoshi miguu, kisha anatembea juu ya samaki.
7. Choo ao mufereji muchafu uko karibu? Kama unasikia harufu, inzi wameisikia mbele yako.

Wakati muzuri wa kula ni muchana, wakati sufuria za siku zinashuka motoni. Magaribi unaweza kupata mabaki. Basi magaribi uombe wapashe chakula moto mbele ya macho yako, na muchuzi utokote kabisa, si kupata joto kidogo tu.

KUULIZA SI HAYA

Hapa ndipo wamama wengi wanaanguka. Tulimupokea mama mumoja aliyerudi Lubumbashi na mutoto wa mwaka mumoja na nusu. Macho ya mutoto yaliingia ndani, midomo ilikauka, alilia bila machozi. Mama alikuwa na feza. Alijua masomo yetu. Asubuhi ya safari alinunua wali na muchuzi baridi, vilivyobaki tangu jana. Tukamuuliza: «Haukuona kwamba ni baridi?» Akajibu: «Niliona. Lakini niliona haya. Yule mama ni mukubwa, angesema watu wa Kamina wana majivuno.»

Mutoto yule alipona, kwa sababu mama alimunyonyesha na kumunywesha bila kuchoka njiani, na akamuleta mbio. Lakini wengine hawaponi. Wamama, haya ni nzuri katika mambo mengi. Katika jambo hili inaweza kuua.

Uliza kwa heshima, na hakuna atakayekasirika. Sema hivi: «Mama, jambo. Habari ya kazi? Ile samaki ilipikwa leo?» Ao: «Mama, unisaidie kupasha ule muchuzi, niko na mutoto.» Mama mwenzako atasikia neno «mutoto», naye ni mama. Kama anakasirika, hiyo ni jibu vilevile. Chukua kitunga chako, mushukuru, enda meza ya pili.

Wengine wanasema: «Bwana Yesu aliwakemea Wafarisayo juu ya kunawa mikono. Basi sabuni si neno la mukristo.» Musome vizuri Marko 7. Bwana aliwakemea kwa sababu walisafisha mikono na kuacha moyo. Hakukataza maji. Na katika Marko 5, wakati alipomufufua binti ya Yairo, aliwaagiza wazazi wampe mutoto chakula. Yeye aliyeshinda mauti alikumbuka kwamba mutoto lazima ale. Sisi tutasahau kuangalia sahani?

SAHANI YA MAMA, SAHANI YA MUTOTO

Munakumbuka makundi matatu: vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili, vyakula vya kulinda mwili. Safari haiondoi makundi hayo. Bukari ao wali ni nguvu. Maharagwe, samaki, ndakala, yai, karanga ni kujenga. Sombe, lengalenga, matembele, machungwa, papai ni kulinda.

Kwa malewa, mama mwenye feza kidogo mara nyingi anaagiza bukari na muchuzi, na anaacha samaki. Kisha kwa duka anamununulia mutoto soda na biskwi ili anyamaze. Hesabu feza ile ya soda na biskwi. Inaweza kununua kipimo cha maharagwe. Soda inanyamazisha mutoto saa moja, maharagwe yanamujenga. Mutoto anayekula bukari na muchuzi mutupu juma nyingi, miguu inaanza kuvimba na nywele kugeuka rangi. Munaijua kwashiorkor. Wengine waliianza kwa chumba cha hospitali wakati walipokuwa wanatunza ndugu.

Toa miiba ya ndakala na samaki, ponda vizuri, changa na bukari ndani ya sahani ya mutoto. Umulishe mbele yako, usimuache na watoto wakubwa kwa sahani moja, maana mukono mudogo unachelewa. Mama mwenye mimba asijinyime ili bwana ashibe. Yeye anakula kwa watu wawili.

VYA KUNYWA

Maji ya mifuko midogo ya plastiki yanauzwa kila pembe. Si yote yametengenezwa vizuri, na mufuko wenyewe umepita mikono mingi. Kama una maji yako ya kuchemusha, kunywa yako. Yakiisha, omba kwa jamaa wakuchemushie, ao tia dawa ya klore kama walivyokuonyesha kwa kituo cha afya, ungoje nusu saa. Chai ya moto inayotokota ni nzuri kuliko maji ya baridi usiyoyajua. Barafu ni maji, kugandisha hakuui vidudu.

Munkoyo wetu tunaupenda. Uji wake unapikwa, lakini muzizi unaponda­pondwa na kutiwa nyuma, wakati uji umepoa, na mara nyingine maji mengine yanaongezwa. Kwa hiyo munkoyo ni safi sawa na mikono, maji na chombo cha mutu aliyeutengeneza. Kwa mama unayemujua, sawa. Njiani, usimupe mutoto. Lutuku haisemwi hapa. Mama mwenye mimba asionje hata kidogo.

TUMBO LIKIHARIBIKA

Hata mama mwangalifu anaweza kukutana na ugonjwa. Usingoje kufika Kamina. Anza pale pale:

– Endelea kunyonyesha, zaidi ya desturi.
– Munyweshe maji ya ORS. Kama hauna pakiti, changa litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko vilinganishwe kwa kisu, visijazwe mulima. Chumvi nyingi inadhuru. Onja: isizidi chumvi ya machozi.
– Mupe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha uanze tena polepole.
– Endelea kumulisha. Usifunge chakula kwa sababu ya kuhara.
– Kwa kituo cha afya omba vidonge vya zinki. Mutoto anavikamata siku 10 mupaka 14, hata kama kuhara kumeisha.

Kimbia kwa kituo cha afya mara moja kama choo ni kama maji ya muchele, kama kuna damu, kama mutoto hawezi kunywa ao anatapika kila kitu, kama macho yameingia ndani, kama ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, kama amelegea na hajibu. Kolera inaweza kuua mutu katika masaa machache tu. Njiani uendelee kumunywesha. Usifiche ugonjwa ndani ya treni kwa kuogopa kushushwa. Kushushwa si aibu, na kufika na maiti ni uchungu usiokwisha.

NENO KWA WAMAMA WANAOUZA

Kati yenu munaosikia leo, kuna wale wanaopika kwa kuuza karibu na stasion yetu. Mambo saba yale niliyosema, wageni wanaoshuka treni wanayaangalia kwenu. Weka bidoni ya maji yenye bomba ao tundu, na sabuni, mbele ya benchi. Funika sufuria. Pika kidogo mara mbili kuliko nyingi mara moja. Kama wewe mwenyewe unahara, pumzika, mutume ndugu akupikie. Utapoteza faida ya siku mbili, lakini hautazika mutoto wa mugeni. Na mama akikuuliza kama chakula ni cha leo, usikasirike. Umufungulie sufuria, aone muvuke.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Ni alama gani tatu utaangalia kwanza mbele ya kuketi kwa malewa?
2. Utasema nini kwa mama anayekuuzia chakula baridi? Mujaribu wawili wawili, mumoja awe muuzaji.
3. Kwa litre moja ya maji, sukari vijiko vingapi, chumvi kipimo gani?
4. Nani kati yetu anaenda Lubumbashi mwezi huu? Ameweka nini ndani ya kitunga?

Ulizo la ine musilipite. Yule anayesafiri, wenzake wamusaidie leo kutafuta bidoni na kifuniko chake. Bwana awalinde katika kwenda na katika kurudi, ninyi na watoto wenu.